Hesabu Imetimia

Kazini wananiita Usiguse. Miaka ya mwanzo jina hilo lilinikera, baadaye nikalizoea, na siku hizi mtu akiniita kwa jina nililopewa na wazazi wangu nachelewa kuitika. Mimi ni mlinzi wa ukumbi wa tatu katika makumbusho ya historia. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kusimama, kutembea, na kusema neno hilo moja kwa watu wazima wenye akili zao timamu, ambao wakiona kamba imezungushwa mbele ya kitu hawafikirii lolote isipokuwa mahali pa kupenyeza mkono.

Ukumbi wa tatu unaonyesha maisha ya nyumbani. Katikati kuna sebule ya familia moja ya zamani, imepangwa kana kwamba wenyewe wametoka kidogo na watarudi: meza ya mbao nyeusi, viti vinne vya kawaida, na kiti kimoja kikubwa chenye mikono, cha baba mwenye nyumba. Kuna kabati, taa ya mafuta, kitanda cha mtoto, vyombo. Jumla vitu arobaini na kimoja. Kila jioni kabla ya kufunga navihesabu, na kuhesabu kwetu kuna mtindo wake. Huangalii kitu, unaangalia mahali pake. Ukianza kukagua kimoja kimoja hutoki humo. Unapitisha macho tu: hapa pamejaa, hapa pamejaa, na hapa. Ukimaliza unamwambia msimamizi kwenye redio, "Hesabu imetimia," unachukua mfuko wako unaenda nyumbani.

Mara moja tu haikutimia. Mwaka wangu wa nne mgongo uliniuma, nikakaa kwenye benchi la wageni dakika tano, si zaidi. Nilipoinuka, kitana cha pembe kilikuwa kimekwenda zake na mwenye vidole vyake. Nikapewa barua ya onyo. Tangu siku hiyo sijakaa kitako kati ya kufungua mlango na kuufunga. Shida ni kwamba mwili haujui kuwa saa za kazi zimekwisha. Nyumbani nakula nimesimama, sahani mkononi, mgongo nimeuegemeza kwenye fremu ya mlango, mahali ambapo naona sebule yote na nusu ya korido. Mke wangu alinibembeleza, akanigombeza, kisha akaacha. Nikadhani amekubali.

Mke wangu ni karani mkuu wa duka la vifaa vya ujenzi. Ni mwanamke wa kutazama ukuta akakwambia umekula mifuko mingapi ya saruji, na ni nadra akosee. Mwaka huu kampuni ilimchagua kuwa mfanyakazi bora, ikampa zawadi ya siku saba kwenye hoteli ya ufukweni, yeye na familia yake. Papo hapo bosi wake akamwambia kuna tawi jipya linafunguliwa katika mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na wanamtaka akalisimamie. Alinieleza hayo yote jikoni huku akimenya vitunguu, mimi nimesimama mlangoni pangu.

"Jumamosi saa sita mchana, siku ya mwisho ya likizo, natakiwa nimpigie bosi nimpe jibu," alisema. "Nikienda, naenda na watoto na mama. Wewe una ukumbi wako. Sitakuvuta shati."

"Kwa hiyo unaniacha?"

"Sijasema hivyo. Nimesema nina siku saba. Nataka kukaa siku saba na mume wangu nione kama bado yupo. Nikikuta nimekaa na mlinzi, basi nitajua la kumwambia bosi."

"Nitakaa," nikasema.

"Anza sasa. Kiti hicho hapo."

Nikakaa. Nilijisikia kama kuku aliyefungwa miguu. Sufuria ikachemka, nikainuka kufunika. Kwa kuwa nilikuwa nimeshainuka, nikaona dirisha la nyuma halina komeo, nikaenda kulifunga, nikapitia na la mbele. Niliporudi jikoni alikuwa amemaliza vitunguu, na kile kiti amekirudisha chini ya meza.

Tulisafiri watano. Mke wangu, mama yake, ambaye ni bibi aliyekula chumvi nyingi na ulimi bado una pilipili, binti yetu wa kwanza, tunayemwita Mkubwa, miaka kumi na mitano, ambaye huzungumza na mimi akiwa anaitazama simu, na mdogo wa miaka saba, Kiroboto, ambaye ukimwona ametulia mshike paji la uso. Na mimi. Basi lilitushusha saa tano asubuhi katika mji mkubwa, na boti ya kwenda kisiwani ilikuwa ya saa tisa. Saa nne za kungoja. Wengine walitaka kivuli na soda.

"Hapa kuna makumbusho makubwa ya historia," nikasema. "Tupite saa moja tu."

Mkubwa akaacha simu yake, jambo la nadra. "Baba, mwoka mikate akienda likizo anaenda kutazama mikate?"

"Mwache," mke wangu akasema. "Twende. Mimi pia nataka kuona."

Nilifurahi, sikuelewa alichotaka kuona.

Jengo lilikuwa zuri, dari juu kabisa, sakafu imesuguliwa hadi unajiona. Na katika ukumbi wa kwanza, nawaambia ukweli, mlinzi alikuwa amekaa. Kwenye kiti. Kijana mnene, amekunja miguu, anasoma gazeti upande wa michezo. Damu ilinichemka.

"Ndugu yangu," nikamwendea, "unakaa?"

"Nimekaa, mzee. Karibu."

"Na vitu je?"

Akageuza shingo akatazama ukumbi wake. "Vitu vipo, mzee. Vipo tangu sijazaliwa."

Kuanzia hapo sikuona tena maonyesho. Nilisimama penye mlango kati ya ukumbi wa kwanza na wa pili, mahali ambapo mtu mwenye akili angesimama, nikaanza kumfanyia kazi yake. Nilisikia familia yangu ikipita huku na huku. Mama mkwe alikuwa akicheka mbele ya nguo za harusi za zamani, anamwambia Mkubwa kwamba bibi harusi huyo lazima alifunga ndoa bila kupumua. Kiroboto alikuja akanivuta kidole.

"Baba, ninyanyue. Kule kuna kitu kidogo kwenye kioo, sikifikii."

"Ngoja kidogo."

"Nimengoja."

"Ngoja, mama, baba anaangalia mlango."

Akaniachia kidole. Wakati huohuo bwana mmoja mwenye kamera akaegemea kabati la kioo, kiwiko kizima, na sauti yangu ikatoka yenyewe: "Usiguse!" Ukumbi wote uliruka. Yule bwana almanusura aiangushe kamera. Bibi mmoja akashika kifua. Kiroboto, kule alikokuwa, aliinua mikono yote miwili juu kama mwizi aliyefumaniwa, na alikuwa hajagusa chochote. Hapo ndipo kijana wa gazeti alipoinuka kwa mara ya kwanza, akaja kuniomba mimi nishushe sauti, kisha nitoke.

Nje, kwenye ngazi, mke wangu alimshika Kiroboto mkono akatangulia. Nilitamani anitukane. Mama mkwe ndiye aliyenigonga begani. "Mkwe wangu, pole. Umefukuzwa makumbusho. Sasa umebaki kufukuzwa msikitini na kanisani."

Kisiwa kilikuwa kama kwenye picha za kalenda, siwezi kukikosea adabu. Mchanga mweupe wa kuumiza macho, minazi imeinama, maji ya rangi ambayo sikuamini ni ya kweli. Joto lilikuwa la kulala nalo kama shuka. Hoteli ilitupangia vitanda vinne vya jua na kiti kimoja, chini ya mwavuli wa makuti, na mtu wa taulo akanionyesha kiti: "Hapa pako, baba."

Nilikaa pale dakika tisa. Nilizihesabu. Dakika ya kumi nikaona kwamba kutoka pale sioni mlango wa vyumba, wala mahali pa kukodi mitumbwi, wala lile bwawa la watoto. Nikainuka ili nione. Nilipoona, nikaona pia kwamba nikipita nyuma ya minazi, nikatokea kwenye bomba la kuogea, nikarudi kwa ukingo wa maji, naweza kuona kila kitu ndani ya dakika ishirini. Mzunguko mzuri kabisa. Kazini wangenipongeza.

Siku ya kwanza nilijiambia nanyoosha miguu. Siku ya pili nilikuwa na saa mkononi. Siku ya tatu mlinzi wa hoteli alinisimamisha akaniuliza kwa upole kama na mimi nimeajiriwa, maana yeye hakuambiwa. Nilikuwa kiguu na njia kuanzia chai ya asubuhi hadi taulo zinapokusanywa. Wakati wa chakula nilijitahidi, wallahi nilijitahidi, nilivuta kiti, nilikaa, nikameza tonge mbili, kisha goti likaanza kucheza lenyewe chini ya meza, vyombo vikaanza kulia, na Mkubwa akasema, "Baba, nenda tu. Unatuyumbishia supu." Nikaenda. Nilijichukia nikienda, lakini nilienda.

"Angalia," mama mkwe alimwambia mke wangu, amelala chali na kipande cha nanasi mkononi. "Mumeo amechonga barabara."

Ni kweli. Mchanga ulikuwa umebonyea, njia yangu inaonekana wazi kutoka kwenye minazi hadi majini, watoto wa wageni wengine walikuwa wakiifuata kwa mchezo. Mke wangu aliitazama njia ile kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Leo Jumanne," aliniambia nilipopita.

"Najua."

"Sikukumbushi. Nahesabu tu."

Na mimi nilihesabu. Kila nikitokea kwenye minazi nilipitisha macho chini ya mwavuli: mama mkwe, pamejaa. Mkubwa, pamejaa. Kiroboto, akiwa mchangani mbele ya kitanda chake, pamejaa. Mke wangu, kofia pana ya ukili, miwani ya jua, pamejaa. Wanne. Roho yangu inatulia, nageuka, na kabla sijafika kwenye bomba imeshaanza kuruka tena.

Alhamisi jua lilikuwa kali. Niliendelea na mizunguko yangu baada ya chakula cha mchana. Mzunguko wa kwanza, wanne. Wa pili, wanne. Nikasogea hata karibu, nikasema, "Mama watoto, jua la leo baya, jipake mafuta," na kofia ikatikisika kidogo, mkono ukapunga kwamba sawa. Wa tatu, wanne. Mzunguko wa nne nilisimama kwenye mnazi wangu wa kawaida, nikapitisha macho.

"Wako wangapi pale?" sauti ikaniuliza kutoka nyuma.

"Wanne," nikajibu, sikugeuka.

"Wote wapo?"

"Wote. Hesabu imetimia."

Mawimbi yakaja, yakarudi. Ndipo nilipoitambua sauti. Niligeuka. Mke wangu alikuwa amesimama pale, kichwa wazi, viatu mkononi, miguu imelowa hadi magotini.

Nikageuka tena kutazama mwavuli. Kofia ilikuwa pale. Chini ya kofia alikuwa mwalimu mmoja, mgeni wa chumba cha jirani, mwanamke mwenye mabega mara mbili ya mke wangu, anasoma kitabu.

"Aliniomba kivuli, nikamwachia kitanda na kofia," mke wangu akasema. "Nikaenda hadi mwisho wa ufukwe, kule kwenye miamba. Nimekaa huko, nimerudi. Saa moja na nusu nzima. Nimekaa hapa nyuma ya mnazi wako mizunguko miwili, nikasema ngoja, huu wa sasa atanikosa." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniumiza. "Ulimwambia ajipake mafuta. Amefurahi sana, anasema nina mume anayejali."

"Niliona kofia," nikasema.

"Najua uliona kofia."

"Mahali palikuwa pamejaa." Nilisikia maneno yakitoka na nikatamani kuyarudisha kinywani. Niliona aibu, aibu ya kutaka mchanga unimeze na hiyo barabara yangu.

Akakaa chini, palepale kwenye mizizi ya mnazi, akaanza kujifuta miguu na ukingo wa gauni. Mimi nikabaki nimesimama mbele yake kama askari.

"Nikwambie kitu," akasema. "Kazi nilishaikubali. Kabla hatujaondoka nyumbani, kabla hata ya vile vitunguu. Bosi hangoji jibu la kazi. Kampuni inatupa nyumba na samani, Jumamosi anangoja nimwambie tunahamia watu wangapi, ili ajue meza ya viti vinne au vitano. Hilo ndilo nililokuja kuliangalia huku."

Wiki nzima nilikuwa nikidhani napambana ili asiende. Kumbe alikuwa ameshakwenda, na swali lilikuwa kama kuna haja ya kunichukua.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa ni Alhamisi," akasema, akainuka, akaenda kuchukua kofia yake.

Ijumaa sikuzunguka. Nilikaa kwenye kile kiti changu chini ya mwavuli kutwa nzima, na sijawahi kuchoka vile. Kila misuli ilikuwa ikiniuliza tunangoja nini. Nilishika mikono ya kiti hadi vidole vikafa ganzi. Mwalimu wa jirani alinipa mafuta ya jua. Kiroboto alichimba shimo mbele yangu, akaniangalia, akachimba tena, akaniangalia, kama mtu aliyeona mnyama wa porini karibu na nyumba na hataki kumshtua. Alasiri akaja akakaa miguuni pangu. Nikamwuliza kile kitu kidogo kwenye kioo, kule makumbusho, kilikuwa nini.

"Sijui," akasema. "Hukuninyanyua."

Jumamosi asubuhi nilikula chai nzima nimekaa. Mayai, mkate, nanasi, chai ya pili. Goti lilicheza, nikalishika kwa mkono. Nilimsikiliza mama mkwe akisimulia jinsi alivyopotea sokoni siku ya harusi yake, hadithi ambayo kumbe huisimulia kila mwaka na mimi sijawahi kuisikia hadi mwisho. Mwisho wake unachekesha. Nilicheka peke yangu, wengine walikuwa wameshaizoea, na mke wangu akanitazama kwa namna ambayo ilinipa matumaini, nikaanza kupanga moyoni jinsi tutakavyogawana vyumba.

Saa sita kamili alipiga simu. Hakujificha, alisimama palepale ubarazani mbele yangu.

"Ndiyo, bosi. Hapana, likizo nzuri sana. Watu wangapi?" Hakunitazama. "Wanne. Andika wanne kwa sasa."

Boti ya kurudi ilikuwa na viti vya kutosha. Nilikaa njia nzima.

Walihama baada ya wiki mbili. Nilibeba masanduku, nilifunga vyombo kwenye magazeti; kufunga vyombo ndiyo fani yangu, hakuna hata kikombe kilichovunjika. Mke wangu alinipa mkono mlangoni pa basi, kisha akanikumbatia, kisha akapanda. "Kwa sasa" yake hakuielezea, na mimi sikuthubutu kuiuliza. Niliogopa kwamba nikiigusa itavunjika.

Nyumba tupu ilinimaliza. Nilizunguka vyumba vyote kila nilipotoka kazini, sebule, korido, chumba cha watoto, na kila nilipopitisha macho, mahali palikuwa wazi. Kwa siku kumi na tisa sikupata hesabu iliyotimia. Siku ya ishirini nikaandika barua ya kuacha kazi, nikampelekea msimamizi. Aliisoma mara mbili.

"Usiguse, wewe? Unaenda wapi?"

"Sijui kama nakwenda mahali," nikamwambia. "Najua ninapotoka."

Siku yangu ya mwisho ilikuwa ya kawaida. Wanafunzi asubuhi, wastaafu mchana, vidole siku nzima. Wageni walipotoka nilianza kuhesabu kama kawaida, hapa pamejaa, hapa pamejaa, nikafika katikati nikasimama. Nikarudi mwanzo. Safari hii nikaangalia kitu kimoja kimoja. Taa ya mafuta ina ufa nyuma. Kitanda cha mtoto kimechorwa ndege wawili ubavuni, wazuri kweli, mmoja hana jicho. Miaka kumi na tisa, nilikuwa sijawaona.

Redio ikakoroma. "Ukumbi wa tatu, hesabu?"

"Bado. Naangalia kimoja kimoja."

"Unafanya nini? Tunafunga, bwana!"

Nilivuka kamba. Nusura nijikemee mwenyewe. Nikapiga magoti kando ya kiti kikubwa cha baba mwenye nyumba, nikakiinamisha, na chini yake nikakuta karatasi imebandikwa, yenye herufi za mashine: *Nakala. Cha asili kipo stoo.*

"Msimamizi," nikasema kwenye redio, "kiti kikubwa ni nakala?"

"Hicho? Kilibadilishwa zamani, miaka minane tisa hivi. Cha asili kililiwa na wadudu. Hukujua?"

"Sikujua."

"Si unakihesabu kila siku?"

Nilizima redio. Nilicheka, halafu nikaona sio kicheko. Nikakiweka sawa kile kiti, nikakikalia. Kilikuwa kiti kizuri, imara, mikono yake kwenye urefu unaofaa. Goti langu halikucheza. Mbele yangu meza na viti vinne vitupu, na nyuma ya viti kamba, na nyuma ya kamba mahali pangu pa kusimama, sakafu imelika rangi kwa viatu vyangu. Nikatoa simu nikampigia mke wangu.

"Uko wapi?" akauliza. Nyuma yake nilisikia vijiko na sahani. Walikuwa mezani.

"Kazini. Nimeacha kazi. Leo ndiyo mwisho."

Akauliza taratibu: "Umesimama au umekaa?"

"Nimekaa."

"Umekaa wapi huko kazini?"

Nikamwambia. Nikamweleza kiti, karatasi, wale ndege wawili, yule asiye na jicho. Nilimweleza mambo yote kwa mpigo mmoja kama mtoto aliyetoka shule, na nikamwambia kwamba nilimkosa siku ile ufukweni, kwamba nilikuwa namkosa tangu zamani akiwa ndani ya nyumba, na kwamba samahani. Sikumbuki kama niliwahi kulitamka neno hilo kwake. Nilisikia anavuta pumzi, halafu simu ikakwaruza, ikapita mkono hadi mkono, na sauti ndogo ikaingia, mdomo umejaa chakula.

"Baba, mama analia ila anacheka. Huku tuna viti vitano."

"Vitano? Si kampuni ilitoa vinne?"

"Vinne vya kampuni. Kimoja mama alinunua mwenyewe, hakifanani na vingine." Akameza. "Ni chako. Ila tunakiwekea nguo za kupiga pasi."

Kengele ya kufunga ikalia. Nje ya ukumbi nikasikia viatu vya msimamizi vikija kwa haraka, na funguo zake.

"Ziondoeni," nikamwambia, na sikuinuka.